Chumvi ya Mama Nyanzala

Kijiji cha Kampindi,
Mpanda.
11 Juni 1978

Mpendwa mjomba Telesphor,

Shikamoo. Ni mimi mpwa wako Eufrazia, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, kazini na nyumbani. Sisi huku tunapumua. Mahindi tumevuna, si mengi kama ya mwaka jana ila njaa haitatutoa machozi. Mume wangu Maximilian anakusalimu, mguu wake umepona na ameanza tena kufyatua matofali. Mama mkwe, Mama Nyanzala, naye anakusalimu sana. Anasema siku ukija atakupikia mlenda mpaka usahau samaki wenu wa ziwani. Ndugu zetu wa Mpimbwe wote wazima, ila babu Kasimiri macho yamezidi kufifia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini na kalamu. Mjukuu wako Pelagia, niliyempa jina la marehemu mama, hayuko sawa. Tangu mwaka jana tumbo linamshika, linaachia, linamshika tena. Chakula hataki. Amepauka viganja mpaka majirani wanauliza. Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Unakumbuka ulipokuja kwenye sherehe ya kipaimara alivyokuwa akiimba nyimbo za kanisani zote, naye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu? Sasa maneno yanamtoka kichwani. Juzi alikuwa anataka kunionyesha kuku, akasema "ile, ile," akanyoosha kidole, kisha akalia kwa sababu neno halikuja.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari akamfunua midomo, akatazama fizi, akaona mstari wa rangi ya bluu pembeni ya meno. Akauliza tunakunywa maji ya wapi. Nilipomtajia kisima chetu akasema mtoto ana risasi mwilini. Mjomba, nilianza kumgeuza mtoto nikitafuta jeraha. Daktari akanieleza kwamba risasi ni madini pia, yale yale wanayotengenezea risasi za bunduki, na kwamba huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji. Unajua kisima chetu kilichimbwa chini ya lile lundo la mawe waliloacha Wazungu wa mgodi. Mwaka wa sabini na nne tulipoletwa hapa na malori tukaambiwa tujenge, tulifurahi kwamba maji yapo karibu. Maximilian amelisema jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Wakamjibu kwamba maji ni meupe, ni matamu, na wote tunayanywa. Kijito kiko mbali, na kiangazi kinakauka.

Nimempa Nyanda, yule jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni, chupa ya maji akuletee. Wewe kazi yako ni maji ya kiwandani, labda unamjua mtu wa kuyapima. Na nauliza lingine. Maneno yakishamtoka mtoto, yanarudi?

Wako mpwa,
Eufrazia

*

Mwanza,
23 Julai 1978

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mahindi yamevunwa na mguu wa Maximilian umepona. Mimi sijambo, ila kifua kinanibana asubuhi kwa ajili ya mvuke wa kiwandani. Mwambie Mama Nyanzala nimeipokea salamu yake na mlenda nausubiri.

Chupa imefika. Mkemia wetu aliipeleka kwa wenzake wenye vifaa, na majibu yametoka. Daktari wa misheni hakukosea. Risasi imo, tena nyingi, na kuchemsha hakusaidii, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa nimekutumia kitu kupitia kwa Nyanda. Hapa kiwandani hatuwezi kuingiza maji ya ziwa kwenye boila yalivyo, yangeacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na mabomba yangeziba. Kwa hiyo tunayapitisha kwanza kwenye mtungi mkubwa wa chuma uliojaa punje ndogo za rangi ya asali, mfano wa mayai ya samaki. Wenyewe wanaziita rezini. Kila punje imebeba chumvi ndani yake. Maji yakipita, punje inaitoa ile chumvi na kuyashika madini yaliyomo. Inatoa hiki, inachukua kile. Na kuliko madini mengine, risasi inaipenda zaidi, ikiishika haiiachii kirahisi. Nimeomba ndoo ya punje hizo nikapewa, nimezijaza kwenye bomba la plastiki na kufunga kitambaa juu na chini.

Litundikeni ukutani. Mimineni maji juu polepole, mkinge chini. Mkimimina kwa haraka yatapita bila kushikwa. Kila baada ya siku chache chukua maji yaliyopita, yatie kwenye chupa na kipande cha sabuni, utikise. Povu likisimama, punje bado zina nguvu. Povu likikatika na kuacha utando, punje zimeshiba. Hapo yeyusheni chumvi nyingi kwenye ndoo, myapitishe maji hayo ya chumvi polepole, kisha msuuze kwa maji ya kawaida mpaka ladha ya chumvi iishe. Punje zitaamka upya. Mkizitunza hivyo zitadumu miaka.

Mtoto asinywe tone la kisimani ambalo halijapita kwenye bomba. Hata uji wake, hata maji ya kusuuzia kikombe.

Msalimie Pelagia, dada yangu mdogo kwa jina. Mwambie kaka yake wa Mwanza anamletea pakiti ya pipi.

Mjomba wako,
Telesphor

*

Kampindi,
20 Septemba 1978

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Pole na kifua. Maximilian anasema upake mafuta ya nyonyo ulale umejifunika. Huku kumekauka, tunangoja mvua. Mbuzi wetu mmoja kaliwa na chui, lakini waliobaki wamezaa.

Mjomba, bomba linafanya kazi. Nimetaka kuliandika hilo kwa herufi kubwa. Tangu mwezi wa nane Pelagia hajashikwa na tumbo hata mara moja. Anakula. Anaomba chakula mwenyewe, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba watoto wanafanya. Daktari amemtazama fizi akasema tuendelee hivi hivi.

Mlinzi wa bomba ni Mama Nyanzala. Mwanzoni alisema yeye hawezi kuamini vidonge vya kuku, ndivyo anavyoziita zile punje, lakini alipoona mjukuu anakula akageuka kabisa. Sasa hakuna anayeruhusiwa kumimina ila yeye. Anakaa na kata mkononi anamimina kidogo, anangoja, anamimina tena, na majirani wenye watoto wadogo wanapanga mitungi yao nyuma yake. Sabuni anaitikisa mwenyewe. Povu likisimama anaita watu waje kuona. Tumekwisha ziosha kwa chumvi mara moja, nayo ikaenda vizuri kama ulivyoeleza.

Anampenda huyu mtoto, mjomba, kuliko alivyowapenda wanawe. Maximilian anasema hivyo na anacheka.

Kwenye barua yako hukunijibu kuhusu maneno. Kuku anamwita kuku sasa, ila nyimbo bado. Anaanza, anafika katikati, anasimama na kututazama. Nijibu.

Mpwa wako,
Eufrazia

*

Mwanza,
19 Novemba 1978

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba, na poleni na mbuzi. Barua yako ilikaa njiani sana, na hii yangu sijui itakaa wapi. Mmesikia redioni. Huku vita tunaiona kwa macho, malori yanapita kwenda Kagera mchana kutwa, vijana wawili wa idara yetu wamekwenda. Mabehewa mengi yamechukuliwa kwa ajili ya askari. Nyanda alinipitia, akasema hata yeye hajui wiki ijayo atakuwa njia gani.

Nilisoma habari za Pelagia mbele ya wenzangu wa chumba cha boila. Mkemia alivua kofia yake. Sisi hapa kazi yetu ni kulinda mabomba yasizibe, hatukuwahi kufikiri kwamba zile punje zinaweza kumrudishia mtoto hamu ya ugali.

Kuhusu maneno, tumwachie Mungu. Mtoto bado mdogo.

Tatizo nililo nalo ni hili. Sabuni imepotea madukani hapa, na chumvi inaanza kupotea. Sijui kwenu. Mkipata chumvi yoyote, wekeni kwanza ya bomba ndipo mle. Najua ninachowaomba. Nawaomba hata hivyo.

Msalimie mlinzi wa bomba. Mwambie hapa kiwandani tungempa ovaroli.

Mjomba wako,
Telesphor

*

Kampindi,
14 Januari 1979

Mpendwa mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa umekwisha kuchakaa. Barua yako tuliipata baada ya Krismasi. Tunawaombea vijana wa kiwandani kwako. Kwenye kigango chetu pia wamo waliokwenda, na Padri anataja majina yao kila Jumapili. Mvua ni nyingi mno. Daraja la kwenda Mpanda limeinama, magari hayapiti, watu wanavuka kwa miguu wakishikana mikono. Mahindi yamesimama vizuri.

Sabuni hakuna. Tunafulia majivu ya maganda ya ndizi, na majivu hayawezi kutuambia habari za povu. Chumvi ndiyo balaa. Ile ya Uvinza tuliyozoea haifiki. Watu wanakula maharage yasiyo na ladha wakiyaangalia kama wameonewa. Tulikuwa na mfuko mmoja tu, tukafanya ulivyosema, tukauweka wa bomba, na Maximilian hakunung'unika.

Lakini nikuchekeshe kidogo. Mama Nyanzala amepata akili ambayo hata mkemia wako hana. Alikuwa anaona uchungu kumwaga ile chumvi ya kuoshea punje ikinywewa na ardhi. Sasa anaikinga. Maji yote ya chumvi yanayotoka chini ya bomba anayaweka kwenye chungu, anayatumia tena kuosha mara nyingine, na yakizidi anayachemsha mpaka chumvi inabaki chini. Ni nyeupe kabisa. Anaitia kwenye mlenda na kwenye maharage, na nyumba yetu ndiyo nyumba pekee hapa yenye mboga ya kueleweka. Kidogo tu, kwa kuwa anaibana. Wa kwanza kutiliwa ni Pelagia. Anamwekea kwenye kibakuli chake, anamnyunyizia juu, anasema mtoto asiyekula chumvi hawi na damu.

Pelagia wiki hii anatapika, na amekuwa mzito wa kuamka. Nadhani ni malaria, mbu ni wengi na hizi mvua. Ametumia klorokwini. Nitakuandikia akipata nafuu.

Bado hujanijibu vizuri kuhusu maneno, mjomba. Kumwachia Mungu tulikwisha mwachia.

Mpwa wako,
Eufrazia

*

SIMU YA UPEPO. MWANZA, 9 FEBRUARI 1979.
MAXIMILIAN KAMPINDI MPANDA. MWAGENI MAJI YA CHUMVI YA KUOSHEA PUNJE. MSIPIKIE. BARUA YAFUATA. TELESPHOR

*

Mwanza,
9 Februari 1979

Eufrazia mwanangu,

Barua yako nimeipata leo asubuhi na nimetoka posta sasa hivi kupiga simu ya maandishi. Kama simu imewafikia mmekwisha mwaga. Kama haijafika na unasoma hapa, acha kusoma, nenda kamwage kile chungu. Mwage mbali, shimoni, ufukie. Chumvi iliyokauka pia. Kibakuli cha mtoto pia, na chungu chenyewe uvunje. Kisha urudi usome.

Punje zinashika risasi. Nilikuambia. Maji ya chumvi yakipita, punje zinaichukua ile chumvi na kuiachia risasi ziliyokuwa zimeishika. Inatoka yote kwa pamoja na yale maji. Yote mliyoikwepa tangu mwezi wa nane, nyie na majirani, imo kwenye kile chungu, na kila akiyatumia tena inaongezeka. Halafu ameyachemsha. Malaria ndani ya barua yako si malaria. Mpelekeni misheni, mmwambie daktari neno kwa neno nilivyoandika hapa. Mbebeni kama gari halipiti. Wapo madaktari wenye dawa ya kuitoa mwilini, aulize Tabora, aulize popote.

Kwenye simu niliandika neno risasi. Karani akanishauri nilitoe. Akasema siku hizi simu yenye neno hilo itasomwa na wengi kabla ya kufika. Nikalitoa ili iwahi. Nikaona kumwaga na kutopikia kunatosha.

Hapa kiwandani maji hayo tunafungua koki yanakwenda mferejini. Hakuna anayeyafikiria. Nilikuandikia kumimina, kupima povu, kuosha, kusuuza, nikaona nimemaliza. Wapi pa kuyapeleka sikukuandikia, na wala hukuuliza kwa kuwa hukujua kwamba kuna cha kuuliza.

Mama Nyanzala hana kosa. Msimwambie kwa ukali.

Nijibu haraka.

Telesphor

*

Kampindi,
25 Machi 1979

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika wiki iliyopita. Simu nayo ilifika. Chungu nimekivunja, na kila kitu nimekifukia mbali kama ulivyosema.

Mvua zimepungua. Daraja limetengenezwa kwa magogo, lori la kwanza limepita Jumatano likiwa na mafuta ya taa, watu wakagombania. Mahindi yetu ya mapema tumeanza kuchoma. Babu Kasimiri sasa haoni kabisa, amehamia kwa shangazi Romana. Maximilian ameacha matofali, anasema udongo wa hapa haufai. Mama Nyanzala hajambo. Anashinda amekaa.

Tumesikia vita inakwenda vizuri. Kifua chako kinaendeleaje?

Mpwa wako,
Eufrazia

*

Mwanza,
22 Aprili 1979

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, mbele na nyuma. Umemwandika babu, umeandika daraja, umeandika mafuta ya taa. Jina moja halimo.

Nilikwenda stesheni kutafuta nafasi, nikaambiwa raia wasubiri. Nimekwenda tena, hivyo hivyo. Nyanda sijamwona tangu Februari.

Uliniuliza mara tatu kuhusu maneno na nikakukwepa. Mkemia alinisomea kwenye kitabu mwezi wa saba, kabla sijakutumia bomba. Mtoto akikaa na risasi muda mrefu, kilichoharibika kichwani hakirudi, kinachowezekana ni kuzuia kisiendelee. Sikutaka uache kumimina maji kwa kukata tamaa. Sasa nakujibu, na wewe unijibu. Andika hata neno moja.

Mjomba wako,
Telesphor

*

Kampindi,
3 Juni 1979

Mpendwa mjomba,

Shikamoo.

Pelagia alifariki tarehe kumi na tisa Februari, Jumatatu, asubuhi. Tumemzika nyuma ya kigango.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, kwa kuwa usipoambiwa utaunda mambo kichwani. Baada ya barua yangu ya Januari alianza kuyumba akitembea, kama mlevi, watoto wakamcheka na yeye akacheka. Kisha degedege. Tulimbeba tukafika darajani, maji yalikuwa yamepita juu yake, tukarudi. Maximilian akasema yeye peke yake ataweza kuogelea, akaenda Mpanda kutafuta dawa. Posta wakamwona, wakampa simu yako. Akaisoma. Ananiambia alidhani unatukataza kupikia kwa sababu yale maji yataharibu punje, au kwamba tunayafuja. Alikuwa na dawa ya degedege mkononi na mtoto akilini mwake, akaikunja simu akaitia mfuko wa shati. Aliporudi nilikuwa nimemshika mtoto meno yasigongane. Habari ya chungu haikumjia.

Siku mbili zile za mwisho mtoto hakuweza kumeza kitu. Mama Nyanzala akapika uji mwepesi, akatia ile chumvi, akamnywesha kwa kijiko akimwimbia. Mtoto akameza. Mama akafurahi sana. Akaniita, "Njoo uone, anakunywa." Nikaja nikaona, nikamshukuru.

Simu niliiona nilipokuwa nafua lile shati baada ya matanga. Wino ulikuwa umechuja lakini inasomeka. Nikamwuliza Maximilian, naye akanieleza alivyoielewa, na mimi sikuelewa zaidi yake. Barua yako ilipokuja Machi niliisomea shambani. Nilikaa hapo mpaka jua lilipogeuka. Maximilian nimemwambia. Tangu siku hiyo anaondoka asubuhi na panga, hakuna anachokata, anarudi.

Mama hatujamwambia. Kile chungu nilimwambia kimepasuka. Kile kibakuli alikuwa amekiweka kwenye sanduku lake pamoja na kanga ya mtoto, nikakiiba siku alipokwenda kanisani. Bado anakitafuta.

Mjomba, sitamwambia. Nilikuwa na hasira naye kwa muda, nikimwona amekaa natamani kumwambia ili asikae. Kisha jana aliniambia anashukuru jambo moja tu, kwamba mtoto aliondoka na ladha ya chakula chake mdomoni. Utamwambiaje mtu kama huyo?

Kijiji kinakunywa kama zamani. Maximilian alikwenda kwenye mkutano na barua yako. Wakasema wenye bomba ndio waliofiwa, sasa nani amfuate nani. Bomba letu limekauka ukutani, hakuna chumvi wala sabuni, na hata ingekuwapo sijui kama ningeweza kusikia maji yakidondoka humo. Tungehama, lakini Mama hataki kuliacha kaburi. Na mimi nina mimba, mjomba. Nakunywa maji ya kisima, kwa kuwa kijito kimeanza kukauka na sina mengine.

Hukukosea wewe. Nimeyaandika haya maneno kwa sababu ni lazima mtu ayaandike. Siku nyingine nayaamini.

Sasa kilichonifanya niandike ni agizo. Mama Nyanzala hajui kusoma, lakini anajua nakuandikia, na amekaa hapa karibu na mimi ninapoandika. Amesema nikuandikie asante. Anasema kile kitu ulichotuma kilimpa mjukuu wake miezi ya kula na kucheka ambayo asingeipata, na yeye mikono yake ilipata kazi ya kumsaidia badala ya kumtazama akinyauka. Anasema Mungu akubariki. Ameniuliza kama nimeandika. Nimemwambia nimeandika. Atataka nimsomee jibu lako. Na hapa watu wengi wananisogelea ninaposoma barua, kwa hiyo usiandike kitu nitakachoshindwa kukisoma kwa sauti.

Mpwa wako,
Eufrazia

*

Mwanza,
8 Julai 1979

Kwa Mama Nyanzala, kwa mkono wa Eufrazia.

Shikamoo mama. Mimi Telesphor wa Mwanza ninakuandikia wewe mwenyewe, na nimemwomba Eufrazia akusomee taratibu.

Pole sana kwa msiba wa mjukuu wetu. Alikuwa na jina la dada yangu, na mimi nilipomwita dada sikuwa natania. Msiba huu umenikuta mbali, sikushika hata udongo. Wewe ulikuwepo, ukafanya kila ambacho bibi anaweza kufanya. Eufrazia ameniandikia jinsi ulivyokuwa ukimimina maji kidogo kidogo, na jinsi ulivyomlisha mpaka siku ya mwisho. Nimewasimulia wenzangu kiwandani, wanakupa pole.

Mama, nina ombi. Mkwe wako ni mjamzito, nawe unalijua hilo kabla yangu. Hapo mlipo hapana mganga wala njia, na mama aliyefiwa hapaswi kujifungulia karibu na kaburi bichi. Babu Kasimiri wa Mpimbwe amepofuka na kuhamia kwa Romana, nyumba yake iko wazi, na mto kule ni wa maji yanayotembea. Namwomba Maximilian awapeleke wote kabla ya mvua. Ukikataa wewe watakaa, kwa kuwa hawatakuacha. Kaburi Padri atalitunza, nami nitamwandikia. Huyu anayekuja atahitaji bibi wa kumpikia.

Umeniletea shukrani kwa ajili ya zile punje. Nimezipokea, mama. Asante nawe.

Mwanao,
Telesphor